Maua ya Msimu wa Baridi: Pamba Boma Bila Kuhatarisha Mtoto na Ng'ombe

Haya ni mazungumzo ya afisa wa kilimo nyanjani kwa wakazi wa Nyamira kuhusu upandaji wa maua ya mapambo.

 

Najua wapo wanaojiuliza: ardhi yenyewe ni kidogo, majani chai, ndizi na nepia zinang'ang'ania nafasi, maua ni ya nini? Ni swali la haki. Sikuja kumwambia mtu ang'oe ndizi apande maua. Nazungumzia sehemu ambazo hazilimwi: kando ya njia ya kuingia bomani, chini ya mparachichi, upande wa nyumba usiopata jua, na pale maji ya paa yanapoanguka. Tena, wengi wetu tayari tuna maua nyumbani. Shida ni kwamba tuliyapanda kwa kuvutiwa na rangi, bila kuuliza ni mmea gani.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: ni ua gani litabaki na majani mabichi na kuchanua hata Juni, Julai na Agosti, ukungu unapokaa vilimani mpaka saa nne? Wenye jamaa ng'ambo huniuliza kuhusu heleboro. Huo ni mmea wa Ulaya na Asia ya magharibi ambao majani ya aina zake nyingi hubaki mabichi mwaka mzima, nao huchanua wakati wa baridi kali, pengine maua yakichomoza katikati ya theluji.

Ushauri wangu ni kwamba usipoteze pesa kwa mbegu zake. Mbegu ya heleboro huhitaji kipindi cha joto, kisha miezi ya baridi kali, ndipo iote. Sisi tuko karibu kabisa na Ikweta. Mchana wetu ni kama saa 12 Januari na Julai, na baridi yetu, hata kule Borabu na kilima cha Kiabonyoru, si baridi ya theluji.

Hata hivyo, heleboro ina funzo kwetu. Kila sehemu ya mmea huo ina sumu. Wenye kuupanda huko kwao wanalijua hilo na huuweka mbali na mifugo. Nasi tufanye vivyo hivyo kwa mimea yetu.

Ukitaka mmea wa kivulini unaofanana nao kwa kazi, tafuta klivia. Asili yake ni Afrika Kusini. Ina majani marefu ya kijani kibichi yasiyopukutika, na maua ya rangi ya machungwa. Mahali penye maji mengi, panda yungiyungi jeupe, lile ua linalofanana na faneli, ambalo nalo limetoka Afrika Kusini. Penye udongo unaofaa majani chai, panda haidrenjia. Asidi ya udongo huo ndiyo hulipa ua lake rangi ya buluu.

Pia tuna mmea wetu wenyewe wa Afrika Mashariki, impatiensi. Wataalamu wa karne ya 19 waliwahi kuupa jina la heshima la Sultani wa Zanzibar, na leo unauzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani. Unapenda kivuli na huchanua karibu mwaka mzima mradi usikose unyevu. Huhitaji kununua: kata kijiti kwa jirani, kichomeke kwenye udongo wenye unyevu, na kitatoa mizizi.

Panda mvua ndefu zinapoanza, mwezi wa Machi, ili mizizi ishike kabla ya baridi. Klivia na yungiyungi hugawanywa kutoka kwenye shina kuu. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, kisha funika kwa nyasi kavu au majani ya ndizi. Klivia isikae kwenye maji yaliyotuama, maana mizizi yake itaoza.

Sasa nisikilizeni kwa makini. Klivia, yungiyungi na haidrenjia si chakula cha mtu wala cha mnyama. Yungiyungi likitafunwa huchoma mdomo na koo. Yapandeni nje ya njia ya ng'ombe, na watoto wafundishwe kutoyatia mdomoni.

Ipo mingine ambayo ningeomba isiwepo kabisa kwenye boma lenye watoto au mifugo. Wa kwanza ni olianda, kijiti chenye majani membamba na maua ya waridi au meupe. Majani machache tu yanaweza kumuua ng'ombe, na hata yakikauka sumu haiishi. Wa pili ni lile ua kubwa linaloning'inia kama tarumbeta. Humfanya mtu aweweseke na moyo wake uende mbio. Wa tatu ni lantana, ambayo wengine wameifanya uzio. Ng'ombe akiila, ini lake huharibika na ngozi yake huungua juani. Ndege hula matunda yake na kuzisambaza mbegu mpaka kwenye malisho ya jirani.

Lantana ililetwa kutoka Amerika kama pambo. Gugumaji pia lilisambazwa duniani kama ua la bwawani, likaonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Maji ya Gucha na Sondu yanaingia ziwa hilo hilo, na mnajua wavuvi wanavyohangaika mpaka leo. Basi usikubali kila mche unaopewa bure.

Kwetu sisi hatari kubwa iko wakati wa kupogoa. Ng'ombe wa zizini hachagui malisho, hula alicholetewa. Kijana akipogoa uzio na kutupa matawi kwenye hori pamoja na nepia, ng'ombe aliyekuwa akilipa karo anaweza kufa kabla ya jioni. Matawi ya mimea hii yafukiwe kwenye shimo mbali na zizi. Olianda isichomwe, wala isitumiwe kama kuni, kwa kuwa hata moshi wake ni hatari.

Mtoto akitafuna mmea usioujua, mtoe mabaki mdomoni, msuuze kwa maji safi, kisha umpeleke hospitali ya karibu mara moja pamoja na tawi la mmea huo. Usimlazimishe kutapika. Ng'ombe akila, mwite daktari wa mifugo mara moja, usingoje kesho.

Mkirudi nyumbani leo, zungukeni boma mkitazama mmea mmoja mmoja. Usioujua, mletee afisa wa kilimo wa wadi yako tawi lake, likiwa na ua na jani, ndani ya mfuko, na unawe mikono baada ya kulishika. Akishakwambia ni mmea gani, ndipo uamue kama utabaki.