Kadi ya Matibabu na Mabadiliko ya Kaya
(Mazungumzo ya Afisa Utumishi katika kikao cha watumishi wa Halmashauri)



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi wetu hulikumbuka tukiwa tumekwisha kusimama kwenye dirisha la mapokezi hospitalini: taarifa za wategemezi wetu katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya.

Mtumishi wa umma hukatwa asilimia 3 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza asilimia 3 nyingine. Kwa mchango huo hutibiwa mwanachama, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne, wakiwamo watoto na wazazi. Zingatieni kwamba makato hufuata mshahara, hayafuati idadi ya majina. Anayeacha nafasi wazi hapunguziwi hata senti moja.

Kaya haisubiri mwaka uishe ndipo ibadilike. Wakati wowote mtu huoa au huolewa, hupata mtoto, huachana na mwenzake, au hufiwa. Lakini kadi haijui yaliyotokea nyumbani. Inajua yale tu yaliyoandikwa kwenye fomu.

Jioni moja, ofisi ikikaribia kufungwa, alinijia mwalimu. Mama yake alikuwa amelazwa, naye aliamini kuwa nafasi zake nne zimejaa. Tulipopitia orodha tulikuta jina la baba yake, aliyezikwa miaka miwili kabla. Nafasi ya mama ilikuwapo siku zote hizo, ila ilikaliwa na marehemu. Asubuhi yake tuliandaa barua, lakini gharama za siku za mwanzo alikwisha kuzilipa kwa fedha za ada ya wanawe. Sikumlaumu. Mkono huwa mzito kufuta jina la mzazi. Nilijilaumu mwenyewe, kwani taarifa ya msiba ule ilipita mezani kwangu, nami sikumkumbusha.

Kwa hiyo nawasihi: tukio likitokea, njooni ofisini mapema na hati yake, iwe cheti cha ndoa, hati ya talaka, cheti cha kuzaliwa au cheti cha kifo, ili fomu ijazwe na kuidhinishwa na mwajiri. Mtoto asajiliwe kizazi chake ndani ya siku 90, maana bila cheti shauri lake husimama. Kadi ya marehemu irejeshwe. Wala asitibiwe mtu kwa kadi ya mwingine, hata awe ndugu wa damu. Hilo ni kosa, na huumiza mfuko tunaouchangia sote.

Najua nafasi ni nne, na wengi wetu tunatazamwa na zaidi ya wanne. Nani aingie na nani asubiri, ofisi haiwezi kuwaamulia. Kaeni na wenza wenu mlizungumze mkiwa wazima, msingoje kuamua mkiwa mlangoni mwa wodi.

Nasi upande wetu tunaahidi jambo moja. Kuanzia sasa, kila barua ya pongezi au ya rambirambi itakayotoka ofisini kwetu itaambatana na fomu ya kubadili taarifa za wategemezi. Huenda ikaonekana ni haraka isiyo na staha. Naomba mtusamehe, na muijaze.