Lijue Tatizo Kwanza

  Leo tunazungumzia kutatua matatizo hatua kwa hatua.

Mfano tunao hapa Nairobi. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, ghasia zilizuka na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Januari 2008, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia wakaanzisha tovuti ya Ushahidi. Kwanza walilibaini tatizo: wananchi hawana habari za kuaminika. Pili, wakakusanya taarifa kupitia simu na intaneti. Tatu, wakazihakiki. Nne, wakaziweka kwenye ramani, kila mtu aone palipotokea ghasia. 

Njia hiyo inafaa hata mtaani kwenu, Kawangware au Kangemi. Mtaro ukifurika kila mvua inyeshapo, msikimbilie koleo. Fuateni maji mjue yanapokwama. Pigeni picha, andikeni tarehe, waulizeni wenye vibanda taka zinatoka wapi. Pengine hawana pa kuzitupa. Basi kuzibua mtaro pekee hakutoshi. Jaribuni suluhu moja kwenye sehemu fupi, mvua ikipita mkague. Isipofaa, irekebisheni. Ikifaa, mpelekeeni mwakilishi wadi zile picha na tarehe.

Haraka haraka haina baraka. Mkutano wenu ujao wa mtaa uanze na swali moja: tatizo letu hasa ni lipi?