Nitrojeni Inayosubiri Mmea

Mfuko wa yurea wa kilo 50 una nitrojeni kilo 23. Mwaka 1999, William Raun na Gordon Johnson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma, Marekani, walikadiria kuwa katika nafaka za dunia nzima ni asilimia 33 tu ya nitrojeni ya mbolea inayofika kwenye punje. Kwa mfuko ule, ni kilo saba na nusu hivi. Sehemu kubwa ya zilizobaki mkulima ameilipia, akaibeba, akaimwaga kwa mkono wake, kisha ikampotea.

Hupotea kwa njia nyingi. Yurea iliyoachwa juu ya udongo hugeuka amonia na kupaa hewani. Inayozama hugeuzwa na bakteria kuwa nitrati, nayo mvua kubwa huishusha chini ya mizizi. Penye maji yaliyotuama nitrati hugeuka gesi. Yote haya huanza siku chache tu baada ya kumwaga, mche ukiwa bado haujawa na mizizi ya kuila.

Bangladesh ilipata jibu lisilohitaji kiwanda kikubwa. Mashine ndogo za vijijini hukandamiza yurea ya kawaida kuwa vidonge vya gramu 1.8 au 2.7. Siku chache baada ya kupandikiza mpunga, kidonge husukumwa kwa vidole sentimita 7 hadi 10 ndani ya tope, katikati ya kila mashina manne, mara moja kwa msimu. Huko chini hewa ni haba, kwa hiyo amoniamu inayotokana na yurea haigeuki nitrati kwa urahisi. Hushikwa na udongo wa mfinyanzi mpaka mizizi iifikie. Yurea inayotumika hupungua kwa theluthi moja hivi, na mavuno kwa kawaida hupanda.

India ilichagua mwarobaini: mwaka 2015 serikali iliagiza yurea yote inayotengenezwa nchini ipakwe mafuta yake, ambayo huwapunguza kasi bakteria wanaotengeneza nitrati. Japani nayo ilienda mbali zaidi kwa kuivika punje ya mbolea ganda la plastiki linalopitisha nitrojeni kidogo kidogo kadiri udongo unavyopata joto. Ni ufundi wa hali ya juu, ila maganda matupu hubaki mashambani na mengine huishia baharini. Isitoshe, ganda lililopimwa kwa udongo wa baridi litamaliza mbolea yake mapema kwenye joto la Kilombero, Tanzania.

Kwa mpunga wa kupandikiza wa Mbarali, Tanzania, na Mwea, Kenya, kidonge ndicho kinachostahili kupewa nafasi ya kwanza. Kikwazo chake ni kazi: kuinama topeni shamba zima, kidonge kimoja kimoja, baada ya watu wale wale, wengi wao wanawake, kuinama kupandikiza. Kwa hiyo fedha za utafiti zianzie kwenye kifaa chepesi cha kusukuma kidonge mtu akiwa amesimama, kinachoweza kutengenezwa na kukarabatiwa na fundi wa kuchomelea wa hapo hapo kijijini.