FUNDI JIRANI SI ADUI
(Mazungumzo ya fundi wa kompyuta mbele ya wanachama, Kikuyu, Dodoma)



Mmeniita nieleze kazi ya kutengeneza kompyuta na simu. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, ofisi zimeongezeka, na sisi mafundi tumeongezeka vile vile. Vibanda vinatazamana. Lakini leo sikuja kujisifu. Nimekuja kueleza kosa langu.

Binti mmoja mwanafunzi wa chuo aliniletea laptopu yake. Ndani yake mlikuwa na kazi yake yote ya kumalizia masomo, na hakuwa na nakala pengine. Diski ilikuwa inagonga, tik, tik. Diski ya namna ile ina sahani inayozunguka na kichwa kinachosoma juu yake. Kichwa kikiharibika, kila ukiiwasha kinaweza kuikwaruza sahani, na kilichoandikwa kinapotea. Dawa ni kuizima hapo hapo na kumpelekea mwenye ujuzi na vifaa, anakili kwanza kinachosomeka.

Mimi ujuzi huo sikuwa nao. Kijana wa kibanda cha pili alikuwa nao, na nilijua. Lakini tulikuwa hatusalimiani. Nikasema moyoni, nikimpelekea, mteja amekwenda. Basi nikaiwasha, nikaizima, nikaiwasha tena. Wiki nzima namwambia binti, "Njoo kesho." Nilipokubali kushindwa na kuvuka barabara, kijana aliitazama akasema, "Kaka, ungeniletea siku ile ile." Hakuna kilichopatikana. Binti alianza kuandika upya, na mtihani wake ukasogezwa mwaka mmoja. Mwaka wa mtu, jamani, kwa sababu ya kiburi changu!

Nilirudi nyumbani nikawakumbuka wazee wetu wa Kigogo. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa jamaa na marafiki wa mbali, ili ukame au maradhi yakipiga huku, kule ibaki mbegu. Aliyetunza alikunywa maziwa na kupata samadi, lakini ng'ombe alibaki wa mwenyewe. Na kila mtu alijua hivyo. Nikaona: mteja ninayempeleka kwa mwenzangu ni kama ng'ombe yule. Maziwa ya kazi ile ni ya mwenzangu. Mteja mwenyewe hapotei.

Sasa tuko mafundi wanne tunaopelekeana kazi. Undugu mtupu hautoshi; tumeandika masharti kwenye daftari:

Kwanza, mteja huambiwa kabla. Mashine yake ina picha, barua na siri zake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inalinda habari hizo. Akikataa, hatupeleki.

Pili, mashine huenda na karatasi: namba yake, ubaya wake, na ilivyokuwa ilipopokelewa. Ikipasuka kioo njiani, tusirushiane lawama.

Tatu, aliyepelekewa hampi mteja namba yake ya simu kwa siri. Kazi ikiisha, mashine inarudi ilikotoka. Lakini mteja akiamua mwenyewe kuhama, ni haki yake. Yeye si ng'ombe kweli.

Nne, aliyetengeneza ndiye anayejibu kazi ikiharibika.

Tano, spea tunaagiza pamoja. Zamani kila mmoja alifunga kibanda kwenda Kariakoo. Siku hizi anakwenda mmoja. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inafika Dodoma, safari imekuwa fupi, na watatu wanabaki kazini.

Mwanachama mmoja ameniuliza, je, mmepanga na bei? La. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupatana bei, na ni haki, maana huko kungekuwa kumkaba mwananchi. Kila mtu ana bei yake. Bado tunashindana. Wiki iliyopita kijana yule yule amenishinda kazi ya ofisi nzima. Niliumia, sifichi. Kesho yake vumbi letu hili la kiangazi liliziba feni za mashine zile, akanikopa kipuliza vumbi changu. Nikampa.

Nanyi wakulima mna hayo hayo: mwenye jembe la kukokotwa, mwenye ng'ombe, mwenye mbegu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Usingoje mtu apoteze mwaka ndipo uvuke barabara.



Ushirika oyee!