Kipokezi cha Setilaiti Kijaribiwe Mtaani, Si Uwanjani

(Mada iliyotolewa katika kikao cha ushirikishaji wa umma)



Ambulensi inapoitwa Pipeline, Embakasi, mtumishi wa zamu hutazama alama kwenye skrini ili ajue gari lipi liko karibu. Alama hiyo hutoka kwenye kipokezi cha setilaiti kilichofungwa garini. Ikionyesha mtaa wa pili, gari lililo karibu huachwa na lililo mbali hutumwa. Kwa hiyo namna kipokezi kinavyojaribiwa kabla ya kununuliwa ni jambo la wakaazi, si la mafundi peke yao.

Setilaiti za GPS huzunguka dunia zikiwa juu kwa takriban kilomita 20,200. Kipokezi hupima muda ambao mawimbi yametumia kufika, na kwa setilaiti nne au zaidi hujua kiko wapi. Hesabu hiyo huhitaji mawimbi yaje moja kwa moja. Kati ya majumba marefu hayaji hivyo: hugonga ukuta, hudunda, hufika yakiwa yamechelewa kama mwangwi. Mwangwi uliozunguka mita 30 zaidi hufanya setilaiti ionekane mbali zaidi kwa mita hizo 30. Hali huwa mbaya zaidi pale jengo linapoziba setilaiti yenyewe, kipokezi kikabaki kusikia mwangwi tu na kuuamini.

Wauzaji husema vifaa vyao husikiliza GPS ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China kwa pamoja. Hilo husaidia, na kutumia masafa mawili husaidia zaidi. Hata hivyo setilaiti nyingi huja na mwangwi mwingi pia. Jaribio la kwenye uwanja wazi nalo halitofautishi kifaa kizuri na kibovu, kwani chini ya anga wazi hata simu ya kawaida hukosea kwa kama mita 5 tu.

Jaribio la maana hufanyika hivi. Gari moja hubeba vipokezi vyote vinavyoshindana, pamoja na mtambo ghali wa kulinganishia. Mtambo huo huunganisha kipokezi cha hali ya juu na vihisi vinavyopima kila kona na kila badiliko la mwendo, hivyo huendelea kujua njia hata setilaiti zikipotea. Baada ya safari, kila sekunde ya kila kifaa hulinganishwa na mtambo huo. Mawimbi ya mtaani yanaweza pia kurekodiwa na kuchezwa tena maabarani, ili kila kifaa kionje mtaa uleule. Ulaya ina kiwango cha kazi hii, EN 16803.

Matokeo yasisomwe kwa wastani peke yake. Safari ya dakika 20 ina sekunde 1,200. Kifaa kilicho sahihi kwa asilimia 95 bado kimekosea kwa sekunde 60, na huenda dakika hiyo nzima iko kwenye mtaa mmoja wenye magorofa, palepale mgonjwa alipo. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, gari limekwisha kupita zaidi ya mita 600. Jambo jingine ni mstari mzuri wa kwenye ramani. Programu nyingi huvuta alama hadi kwenye barabara iliyo karibu, na mstari hupendeza sana siku ya maonyesho ya wauzaji. Kinachotakiwa ni namba ghafi, kabla hazijapambwa.

Nairobi ina mahali pake pagumu. Tangu 2022 Nairobi Expressway hupita juu ya sehemu za Mombasa Road, Uhuru Highway na Waiyaki Way. Gari lililo chini yake hufunikwa na zege, na kosa la kimo kwa kawaida huwa kubwa kuliko la upande. Kifaa kikidhani ambulensi iko juu, humwelekeza dereva kwenye njia ya kutokea ambayo hawezi kuifikia. Halafu kuna msongamano. Gari likisimama kwenye foleni, mwangwi haubadiliki upesi, na alama huanza kutangatanga. Kilomita huhesabiwa gari likiwa limesimama, na dereva huulizwa mafuta yalienda wapi.

Saa ya jaribio pia ni muhimu. Kenya imepitiwa na ikweta, na katika ukanda huu tabaka la juu la anga huweza kuvurugika baada ya jua kutua, hasa karibu na Machi na Septemba, mawimbi yakafifia na kurudi. Jaribio la Ulaya la mchana haligusi hali hiyo. Njia ileile ipitwe mara kadhaa, asubuhi, mchana na saa mbili usiku.

Mkaazi anayetaka kuona matokeo ya jaribio kama hilo anaweza kuyaomba chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ya umma hupaswa kujibu ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ombi litaje njia iliyopitwa, saa za jaribio, na kosa kubwa kabisa lililoonekana.