Tumfunike Mzee Wetu
(Maneno yaliyosemwa Wasso, wilayani Ngorongoro, mbele ya wazee wa usharika na wanaohudumia wagonjwa nyumbani)

Baba mchungaji, wazee wetu, akina mama na akina baba, tunawashukuru kwa kuacha mifugo na mashamba mkaja kutusikiliza. Leo tunasema jambo ambalo kwa kawaida halisemwi mbele ya watu: mume au mke aliyepoteza kumbukumbu, na sasa hawezi kuzuia haja.

Tulimtembelea mama mmoja, jina lake tunalihifadhi. Mume wake, mtu wa kuheshimika katika rika lake, alianza kwa kusahau ng'ombe wake mwenyewe, kisha njia ya kurudi bomani, kisha akaanza kujikojolea. Kila usiku mama aliamka peke yake, akambadilisha gizani, akafua kabla ya mapambazuko ili watoto wasijue. Maji huyafuata mbali kwa punda. Alipochoka, akampunguzia mzee maji na chai ili asikojoe. Mzee akazidi kuchanganyikiwa, na mkojo ukawa mchache, wa rangi nzito na harufu kali.

Nasi tuna kosa letu. Tulikuwa tumefika boma hilo mara mbili kwa kazi ya mradi wa mbuzi. Tulihesabu mbuzi, lakini hatukuuliza mzee anaendeleaje.

Wapendwa, kwanza tuelewe kwamba hii si laana, wala mzee hafanyi makusudi. Ubongo ndio unaopokea habari kwamba kibofu kimejaa. Ukiharibika, mzee hapati habari hiyo, au anaipata lakini hakumbuki choo kiko wapi wala jinsi ya kuvua nguo. Wengine hudhani ugonjwa huu ni wa Wazungu. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010 ulionyesha kuwa kati ya watu 100 wenye miaka 70 na zaidi, takribani 6 walikuwa nao. Hai ni Tanzania hii hii yetu.

Pili, si kila kujikojolea kunatokana na kusahau. Kunaweza kuletwa na maambukizi ya njia ya mkojo, kisukari, tezi dume, choo kigumu kilichokaa siku nyingi, au dawa kama zile za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo. Mengi ya hayo yanatibika. Kwa hiyo tatizo likianza ghafla, au likiambatana na homa, maumivu, damu au kushindwa kabisa kukojoa, mpelekeni hospitali hapa Wasso au kituo kilicho karibu apimwe. Msimwachishe dawa wenyewe, mwulizeni daktari.

Tatu, kazi ya nyumbani. Msimnyime maji. Mpeni ya kutosha mchana, na mpunguze chai na vinywaji vingine jioni tu. Mpelekeni haja kila baada ya saa mbili au tatu, akiamka, baada ya kula na kabla ya kulala, bila kusubiri aombe. Shuka humfaa kuliko suruali yenye mkanda na vifungo. Usiku huku kwetu kuna baridi na fisi, basi wekeni ndoo yenye kifuniko karibu na kitanda, na taa ndogo. Tandikeni mpira au nailoni nzito, juu yake kitambaa kinachonyonya. Mpira usiguse ngozi. Akichafuka, mwosheni kwa maji na sabuni kidogo, mkausheni vizuri, mpakeni mafuta ya mgando. Ngozi inayokaa na unyevu huchubuka na kuwa kidonda. Nanyi mnaohudumia, nawani mikono kwa sabuni.

Tena msimgombeze. Atasahau maneno yenu, lakini hofu itabaki naye.

Nne, nani amsaidie mama huyu? Hapa ndipo pagumu. Heshima yetu, ambayo Wamasai wanaiita enkanyit, haimruhusu binti kuona utupu wa baba yake, na hatukuja kuivunja. Lakini heshima hiyo isiwe sababu ya mke kubaki peke yake. Katika Mwanzo 9, Nuhu alipolala uchi hemani, Shemu na Yafethi hawakukaa mbali kwa sababu ya aibu. Walichukua vazi, wakaingia kinyumenyume, wakamfunika baba yao. Walitunza heshima yake, na kazi pia waliifanya.

Binti anaweza kuteka maji na kufua. Wana wanaweza kuchimba choo karibu na nyumba. Nanyi wazee wa rika lake, mliotahiriwa pamoja na kula nyama pamoja, ni nani asiye na aibu mbele yake kama ninyi?

Mzee tuliyemtaja alipimwa, akakutwa na maambukizi, akatibiwa. Kumbukumbu haikurudi, na bado usiku mwingine hulowa. Lakini anakunywa maji, na wanarika wake wawili hupokezana asubuhi kumwosha na kutembea naye. Mama alituambia kwamba sasa anapata usingizi.

Kwa hiyo tunawaomba, kabla ya kuondoka hapa, kila mmoja ataje moyoni boma moja lenye mzee wa namna hii, na wiki hii aende. Sisi nasi, tukija kuhesabu mbuzi, tutauliza kwanza habari za wazee.