Mji Usio na Nyumba Kumi
(Hotuba iliyotolewa na mwanachama katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya intaneti. Nitailinganisha na mji, maana wengi wetu tulitoka vijijini tukajifunza kuishi mjini.

Nilipofika Dar es Salaam kuanza kazi, nilipanga chumba Magomeni. Watu niliopishana nao Kariakoo kwa siku moja walizidi wote niliowajua kijijini, lakini hakuna aliyenijua. Aliyenitoa katika upweke huo ni balozi wa nyumba kumi. Alikuja kuandika jina langu, akauliza natoka wapi. Nilipougua malaria, ndiye aliyewatuma vijana wanipeleke hospitali.

Intaneti nayo ni mji. Katika miaka ya 1990, huko Marekani, palikuwa na mahali kwenye intaneti palipoitwa GeoCities. Aliyetaka kuweka kurasa zake alichagua mtaa kwa kufuata mambo anayoyapenda, akapewa namba ya nyumba, na wakazi wa kujitolea wakamsaidia. Kampuni ya Yahoo ilipanunua mwaka 1999. Anwani za mitaa zikaachwa, kila mtu akabaki na jina lake tu. Mwaka 2009 pakafungwa huko Marekani.

Ndugu zangu, nasi tuna mji wetu: kundi letu la WhatsApp. Mwaka jana mwenzetu wa kidato chetu aliugua miezi mitatu. Pole zilimiminika simuni. Mimi mwenyewe nilituma mbili. Kila mmoja alidhani mwingine amekwenda kumwona. Tulikutana mazikoni, na mjane wake akatuuliza kwa upole, "Ninyi ndio wale wa kwenye simu?" Sikuwa na jibu.

Siilaumu simu. Bila hiyo, hata habari za msiba tusingezipata. Ninachosema ni kwamba mji hukusanya watu, lakini ujirani hauji wenyewe, hupangwa.

Kwa hiyo naleta pendekezo. Leo, kabla hatujatawanyika, majina yetu yagawanywe kumi kumi kwa kufuata tunakoishi, na kila kumi wawe na balozi wao. Kazi yake iwe moja: mwenzetu akiugua, au akinyamaza mwezi mzima, balozi akabishe hodi mlangoni.

Kwa wale wa Temeke, najitolea mimi.